Mwalimu wangu wa upishi anataka nijitoe kwenye shindano la runinga

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, msaidizi wa mpishi mkuu katika hoteli moja hapa Nairobi, na ninaishi South B. Kazi hii nilifunzwa Mombasa na mpishi mmoja ambaye mpaka leo namwita Mwalimu, ingawa jikoni kila mtu humwita Shefu. Alinikuta nikiosha sufuria, akanipeleka kwenye meza ya mboga, kisha kwenye samaki, na hakuchoka kunirudisha nyuma kila nilipokosea mpaka mkono wangu ukazoea. Yeye alihamia Nairobi kabla yangu na sasa anasimamia jiko la hoteli nyingine. Nilipotaka kuja huku, ndiye aliyenipigia debe kwa mwajiri wangu wa sasa, kwa hivyo siwezi kusema kwamba nimefika nilipo kwa nguvu zangu peke yangu.

Kituo kimoja cha runinga kinaandaa shindano la wapishi wa kulipwa, yaani watu wa hoteli na mikahawa peke yao, bila wapenzi wa kupika nyumbani. Niliomba nafasi bila kumwambia mtu, nikaitwa kwenye usaili, nikapika mbele ya waandaaji, nikachaguliwa. Baadaye nikajulishwa kwamba Mwalimu naye yumo miongoni mwa washindani. Nilifurahi kwa dhati, nikidhani tutasimuliana na kucheka pamoja, lakini alinipigia simu usiku akiwa na sauti nzito. Alinipongeza kwanza. Kisha akasema kwamba hili ndilo shindano lake la mwisho kabla ya kustaafu, kwamba mimi bado kijana na misimu mingine itakuja, na kwamba ingekuwa adabu kwangu kumwachia nafasi. Akaongeza kwamba kama siwezi kujitoa, basi nisipike samaki wa kupaka, kwa sababu samaki yule ni wa jiko lake.

Shangazi, samaki wa kupaka nilimla kwa bibi yangu Kilifi tangu nikiwa mtoto. Lakini ni kweli pia kwamba namna ninavyompika sasa kwa sehemu nimeipata kwa Mwalimu: yeye hulifukiza tui zito kwa kipande cha kifuu kinachowaka, akalifunika mpaka likashika harufu ya moshi, ndipo akalichemsha na kumpaka samaki akiwa juu ya makaa. Mimi nimeongeza managu yaliyopikwa kwa maziwa, na mahali pa wali nimeweka mkate mwembamba wa wimbi. Hicho ndicho chakula nilichopika kwenye usaili, na ndicho ambacho wageni wa hoteli yetu hukiulizia.

Mama yangu ananiambia kwamba radhi ya mwalimu haina tofauti na radhi ya mzazi, na kwamba mtu akiikosa hafiki mbali. Wenzangu wa jikoni wanasema Mwalimu ananionea wivu tu. Meneja wetu amesema kuhusu likizo kwamba ataona, wala hajaandika chochote. Na juzi dada mmoja wa kampuni inayotengeneza kipindi alinipigia kuniuliza kama ni kweli mimi na Mwalimu tuna ugomvi, akasema watazamaji wangeipenda hadithi hiyo na kwamba wangetaka kutuhoji kila mmoja peke yake. Sijui nani aliyemweleza. Amenitumia mkataba wenye kurasa nyingi, na anataka niutie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi.

Je, nijitoe? Nikibaki, kumpika samaki yule kutakuwa ni kumkosea mtu aliyenilea kikazi? Na huyu dada wa runinga nimjibu nini?

Mpishi wa South B, Nairobi

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu.

Usijitoe. Nalitanguliza hilo ili usisome barua hii yote ukiwa na moyo juu juu, na sasa nikueleze kwa nini, kisha tuje kwenye namna ya kubaki bila kumdhalilisha mzee wako, maana hapo ndipo penye kazi.

Nafasi uliyoipata hukuichukua kwa Mwalimu. Uliomba, ukaitwa, ukapika, wakakuchagua, naye akachaguliwa kwa njia ileile. Ukijitoa leo, waandaaji watampigia simu mpishi mwingine aliyekaribia kuchaguliwa, na Mwalimu atasimama mbele ya majaji na watu walewale wengi, isipokuwa badala yako patakuwa na mtu asiyemjua, asiyemheshimu, na ambaye hatajali akianguka. Hatakuwa amesogea hata hatua moja kuelekea ushindi. Wewe utakuwa umepoteza nafasi, na yeye atakuwa amebeba kumbukumbu kwamba alimwomba mwanafunzi wake ampishe, jambo ambalo siku hasira zikipoa litamsumbua kuliko kushindwa kwenyewe.

Hata hivyo, sikubaliani na wenzako wanaosema ni wivu. Nimesimama jikoni mwa hoteli miaka mingi kabla ya kushika kalamu, na najua shindano la namna hii linamfanyia nini mpishi mkuu. Katika jiko lake yeye ndiye anayeonja, wengine wakisubiri uso wake waone kama mchuzi umepita. Siku yake kwa kawaida huishia kwenye hesabu za nyama na samaki, ratiba za zamu, simu za wauzaji na vikao vya meneja, na ni nadra akapika sahani moja mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Runinga inamvua yote hayo, inamvika aproni sawa na yako, inampa meza sawa na yako na saa ileile ya ukutani, kisha inamruhusu jaji mwenye umri wa mwanawe amwambie mbele ya nchi nzima kwamba samaki wake amekauka. Na kesho yake asubuhi anatakiwa aingie jikoni na kuwaamuru vijana waliomtazama. Wewe mkono wako uko motoni kila jioni, na kasi unayo. Yeye anajua hivyo, kwa kuwa kasi hiyo alikufundisha mwenyewe. Ombi lake lilikuwa kosa, na nitakwambia umjibu hivyo, lakini lilitoka kwenye hofu ambayo mtu wa makamo aliyeshika jiko ana haki ya kuwa nayo.

Wala nyinyi si wa kwanza kukutana hivi. Katika shindano la Top Chef la Marekani, ambalo tangu mwaka 2006 huwakutanisha wapishi wa kulipwa, ndugu wawili wa tumbo moja, Bryan na Michael Voltaggio, waliingia pamoja katika msimu wa 2009, wakafika fainali wote wawili, na mdogo akamshinda kaka yake. Baada ya hapo walifungua mkahawa wa nyama pamoja karibu na jiji la Washington. Japani nako, katika Iron Chef iliyoanza mwaka 1993, mpishi mgeni alipewa dakika 60 na kiungo kikuu kilichotajwa papo hapo ili apambane na mmoja wa mabingwa wa kipindi, na mara nyingi mgeni huyo alikuja kutetea jina la mwalimu wake au mkondo wa upishi aliolelewa. Masaharu Morimoto, aliyeingia mwaka 1998 na mapishi yake yaliyochanganya ya Kijapani na ya ng'ambo, alikabiliwa na wapishi wa mkondo wa zamani walioona kwamba anaharibu mila. Heshima ya mwalimu na ya mila ilikuwa mezani waziwazi, kila mtu aliijua, na bado kilichoamuliwa ni sahani zilizowekwa mbele ya majaji siku hiyo.

Sasa tuje kwa neno la mama yako. Simpingi. Radhi ya aliyekufundisha kazi ni kitu kikubwa, na mpishi anayeipuuza huanza kusikika hata katika namna anavyowasemesha walio chini yake. Lakini radhi huombwa, na huombwa ana kwa ana, wakati bado hakuna kamera. Usiimalize habari hii kwa simu wala kwa ujumbe. Nenda umwone mchana, kama saa tisa, wakati jiko la hoteli limetulia baada ya chakula cha mchana na kabla ya maandalizi ya jioni, au umfuate nyumbani kwake siku yake ya mapumziko, maana wewe ndiwe mdogo na miguu ni yako kutembea. Kama unaogopa mazungumzo kuharibika, nenda na mpishi mkubwa mwingine anayewajua nyote wawili na ambaye Mwalimu hamkatizi anapozungumza. Usiende na mama yako, kwa sababu mbele ya mama Mwalimu atalazimika kuwa mpole hata pale ambapo bado ana kinyongo, na kinyongo hicho kitamtoka siku ya kurekodi.

Ukifika, mwambie mambo matatu kwa utaratibu, bila kuyazungusha. Kwamba kila unachokijua kuhusu moto na samaki kilianzia kwake, na kwamba utalisema hilo mbele ya nchi nzima ukipewa nafasi. Kwamba hutajitoa, na hapa usitoe visababu vingi, sema tu: "Mwalimu, uliponipeleka kwenye meza ya samaki hukunifunza kuondoka motoni." Kwamba umekuja kumwomba ruhusa juu ya jambo moja mahususi, nalo ni lile la kifuu. Halafu nyamaza umsikilize, hata akikufokea. Mtu aliyeomba jambo lisilomstahili mara nyingi hufoka kwanza.

Kuhusu samaki mwenyewe inabidi tupambanue, kwa sababu wewe na Mwalimu mnatumia jina moja kwa vitu vitatu. Samaki wa kupaka ni wa Pwani yote. Alipikwa na bibi yako Kilifi, anapikwa Lamu, Mombasa na Unguja, kwa ukwaju au kwa ndimu, kwa bizari au bila bizari, na hakuna jiko la hoteli linaloweza kumweka chini ya kufuli. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano bora wa kulinda urithi wa utamaduni, na kazi hiyo ilijengwa juu ya kukusanya maarifa kutoka kwa jamii zilizoyabeba, akina bibi yako wakiwemo. Kwa hiyo Mwalimu akisema samaki wa kupaka ni wake, amekosea, na unaweza kumwambia hivyo kwa adabu.

Kulifukiza tui kwa kifuu ni jambo jingine. Ufukizaji wa vyakula kwa kaa la moto upo katika majiko mengi, lakini kuuleta kwenye tui la samaki kwa namna hiyo, kupima ni muda gani kabla moshi haujageuka uchungu, na kukufundisha, hiyo ni kazi ya mikono yake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda maandishi, picha na rekodi, na haimpi mtu umiliki wa njia ya kupika, hivyo hakuna mahakama itakayokuzuia. Lakini wewe hukuniuliza habari za mahakama. Kwa wapishi, mbinu ya mtu hutumiwa kwa kumtaja, na inapokuwa aliyeibuni atasimama meza ya pili akiitumia usiku uleule, hutumiwa kwa ruhusa yake. Akikupa, itumie na umtaje mbele ya majaji kwa cheo chake. Akikunyima, iache kabisa, usiibadilishe kidogo na kuiita yako.

Managu na mkate wa wimbi ni vyako, na hapo ndipo ningeweka nguvu zangu. Kusema kweli nilipoisoma barua yako nilijiuliza kama unajua kwamba sehemu yenye upya katika sahani hiyo ni ile uliyoitaja haraka haraka mwishoni. Samaki wa Pwani juu ya mboga za bara na nafaka ya Magharibi mwa nchi ni Nairobi yenyewe, mji ambao watu wa kila upande wamekuja na vyungu vyao. Moshi wa kifuu ukitoka, sahani hiyo haianguki.

Ila itabidi uijenge upya kidogo. Bila moshi, ladha ya kuungua lazima itoke kwenye ngozi ya samaki: umkate mikato mirefu inayofika karibu na mfupa, mkaushe vizuri kwa kitambaa kabla hujamtia chumvi na tangawizi, na ule mpako wa mwisho umpige kwenye moto mkali sana mpaka kingo za tui zianze kuwa kahawia na kupasuka vipovu vidogo. Tui zito lichemshe bila kulifunika, ukilikoroga bila kuliacha, na maji ya ukwaju uyatie likishaondoka motoni, maana ukali ukikutana na tui linalotokota hukatika, na tui lililokatika halirudi kwa dakika chache ulizobakiwa nazo. Managu ni machungu, na nyumbani hulazwa ndani ya maziwa mpaka yalainike, anasa ambayo shindanoni hutakuwa nayo. Chagua majani machanga, changanya na terere, mwaga maji ya kwanza, kisha malizia kwa malai. Unga wa wimbi haushikani kama wa ngano, hivyo ukande kwa maji ya moto na uuache upumzike wakati samaki yuko kwenye viungo.

Kuna jambo jingine ambalo wewe na Mwalimu, katika uchungu wenu, hamjalitazama. Mnagombania chakula ambacho huenda hamtaruhusiwa kukipika. Mashindano mengi ya aina hii humpa mpishi viungo asivyovichagua. Katika Chopped ya Marekani, washindani wanne hufungua vikapu vyenye vitu visivyooana na kupewa dakika 20 kwa kitangulizi, 30 kwa chakula kikuu na 30 kwa kitindamlo, na kila duru mmoja huondoka. Na hata mkiruhusiwa kuchagua, kifuu kinachowaka ndani ya studio yenye taa kubwa, nyaya na watu wengi ni jambo ambalo mtu wa usalama wa moto anaweza kulikataza kwa neno moja. Waulize waandaaji kabla hujaenda kwa Mwalimu: je, tunapika tunachotaka au tunachopewa? Makaa yanaruhusiwa? Moto wa wazi unaruhusiwa? Jibu lao linaweza kuondoa nusu ya ugomvi wenu, na itakuwa vizuri Mwalimu alisikie kutoka kwako.

Kwa kuwa ulijifunza Mombasa, nikukumbushe pia habari ya saa. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na nyuzi 94, na ndiyo maana mbaazi na maharagwe huku hukaa motoni muda mrefu kuliko ulivyozoea. Katika jiko la hoteli hilo halikuumizi, maana mtu wa zamu ya asubuhi alishayachemsha. Katika shindano la saa moja litakuumiza, kwa hiyo usiguse mbaazi kavu bila sufuria ya presha. Fanya mazoezi kwa saa ya ukutani, katika jiko ambalo si lako kama unaweza, na zile dakika tano za mwisho zitenge kwa kupakua peke yake. Majaji huonja vijiko vichache tu, na sahani yenye vitu vitatu vilivyoiva sawasawa huwaridhisha kuliko yenye vitu saba ambavyo kimoja kimepoa.

Na ukipewa uhuru wa kuchagua katika duru ya kwanza, mpike samaki wako hapohapo. Eric Adjepong, mpishi Mmarekani mwenye asili ya Ghana, alifika fainali ya Top Chef iliyoonyeshwa mwaka 2019 akiwa na mpango wa sahani kadhaa zilizosimulia safari ya Waafrika waliovushwa Atlantiki utumwani, akaondolewa baada ya sahani ya kwanza. Wengi waliumia kwa ajili yake, na baadaye mmoja wa majaji alimwalika New York awapikie wageni mlo wote. Huwezi kupanga kualikwa hivyo. Chakula kilicho moyoni mwako kiweke mbele, kwa sababu majaji wa mashindano haya huamua kwa kilichopikwa siku ile, na ulichokiweka akiba hawatakijua.

Huyu dada wa runinga anafanya kazi yake, na sina neno baya juu yake, lakini kazi yake si kulinda jina lako. Swali lake lilikuwa na jibu ndani yake. Ukisema "hatuna ugomvi, ila aliniomba nijitoe", watu watakachosikia nyumbani ni maneno mawili ya mwisho, kwa sauti yako mwenyewe, huku kamera ikimwonyesha Mwalimu akikata kitunguu. Mhariri wa picha hukata anapotaka. Kwa hiyo andaa sentensi moja fupi isiyokatika vizuri: "Huyu ni mwalimu wangu, na niko hapa kwa sababu alinifunza." Akikuuliza mara ya pili, irudie, na mara ya tano pia. Jambo la ile simu ya usiku lisitoke kinywani mwako kwa mtu yeyote wa kipindi, hata kamera ikiwa imezimwa, hata wakati wa chai. Na jikoni kwenu acha kulizungumza kuanzia leo, maana ni dhahiri kwamba lilitokea humo.

Ukienda kwa Mwalimu, mweleze kwamba wamekuuliza. Inawezekana wamemuuliza na yeye, na kwamba kila mmoja wenu anadhani mwenzake ndiye aliyepeleka maneno. Mkikubaliana tu kwamba hakuna atakayemsema mwenzake mbele ya kamera, mtakuwa mmeokoa kitu ambacho hakuna jaji wala mtazamaji anayeweza kuwarudishia.

Mkataba usiutie sahihi kwa kuharakishwa. Mpelekee wakili, na kama huna, tafuta anayejua mikataba ya kazi za sanaa, umwombe akuonyeshe hasa vifungu vinavyohusu haki yao ya kuhariri maneno na picha zako, muda wa kutunza siri ya matokeo, matumizi ya mapishi yako baada ya kipindi, gharama za viungo na usafiri, na nani anayebeba dhamana ukiungua au ukijikata. Mashindano hurekodiwa mapema kabla ya kuonyeshwa, kwa hiyo huenda ukalazimika kukaa kimya kwa muda ukiwa unajua nani ameshinda, na Mwalimu vilevile. Hilo nalo mlijue kabla.

Neno "nitaona" la meneja wako haliwezi kukukinga. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa angalau siku 21 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12 ya kazi, lakini tarehe hupangwa kwa makubaliano na mwajiri, na sheria hiyohiyo inakutaja kutokuwepo kazini bila ruhusa kuwa miongoni mwa sababu za kufukuzwa papo hapo. Andika barua ya kuomba likizo wiki hii ukitaja tarehe za kurekodi, ombi hilohilo liwe na swali kama jina la hoteli litajwe au lisitajwe, na usitie sahihi mkataba wa runinga kabla hujapata jibu la maandishi. Likipatikana, wapigie waandaaji uulize habari ya makaa, kisha uende kwa Mwalimu.